Picha Zisizo na Majina

Mwaka 1906, moshi wa Majimaji ukingali ukifuka, Mjerumani Karl Weule alizuru Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya sinema na chombo cha kunasa sauti, huku akilindwa na askari.

Kazi yake ina thamani: ndonya, chale na ngoma za wazee wetu zimehifadhika humo. Lakini ina kasoro kubwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1908, wakuu kama Matola wametajwa. Mama mwenye ndonya ni “mwanamke wa Kimakonde” tu. Tena, nani angethubutu kukataa kupigwa picha mbele ya bunduki?

Picha hizo zirudi Newala, wajukuu waulizwe majina. Asiye na jina hatambikiwi.