Dakika Tano Kila Juma: Funzo la Haydom kwa Wodi za Watoto za Mpanda

Aprili 2010, wahudumu wa wodi ya wazazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, waliketi siku nzima wakijifunza namna ya kumsaidia kichanga asiyelia avute pumzi. Kozi yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mwanasesere anayejazwa maji mpaka awe mzito mkononi kama kichanga halisi, ambubagi (mfuko wa kupumulishia), barakoa ndogo ya uso, kifaa cha kunyonya ute na bango la picha la kufuata hatua kwa hatua. Miezi saba baadaye watafiti, akiwemo daktari wa usingizi Hege Ersdal kutoka Norway, walipima ufundi wa wahudumu kwa mwanasesere yuleyule. Kabla ya kozi waliofaulu zoezi la kupumulisha walikuwa asilimia 18. Baada ya kozi, asilimia 74. Kwa kipimo cha warsha nyingi tulizozizoea, kazi ingekuwa imeishia hapo, vyeti vikagawiwa na ripoti ikaandikwa.

Haydom hawakuishia hapo, kwa sababu walikuwa na kitu adimu: wasaidizi wa utafiti waliokaa chumba cha kujifungulia usiku na mchana, saa mkononi, wakiandika kila mtoto amezaliwa saa ngapi, amefutwa na kusisimuliwa lini, amewekewa barakoa baada ya sekunde ngapi. Daftari zao zilieleza habari nyingine kabisa. Idadi ya vichanga walionyonywa ute au kupumulishwa haikubadilika. Kusisimua kichanga kwa kumsugua mgongo, hatua rahisi kuliko zote, kulipungua. Wahudumu walijua la kufanya mbele ya mwanasesere, na mbele ya mtoto walifanya yale waliyoyafanya siku zote.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa 2013, nayaona kuwa miongoni mwa kazi za maana zaidi zilizowahi kuandikwa nchini Tanzania kuhusu ufundishaji wa tiba. Yanagusa kila mahali tunapomwandaa daktari au mkunga, kuanzia kozi za siku mbili za halmashauri hadi miaka mitatu ya kusomea ubingwa wa watoto.

Uzito wa jambo uko kwenye sekunde. Uchunguzi mwingine wa hapohapo Haydom, wa 2012, ulionyesha kwamba kwa kichanga anayehitaji kupumulishwa, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ziliongeza hatari ya kifo au ya kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16. Anayejua hatua lakini akalazimika kuzikumbuka kwanza, akatafuta barakoa kwenye droo, akamwita mwenzake, amekwisha kutumia sekunde hizo mara tatu au nne.

Februari 2011 utaratibu ukabadilishwa. Mwanasesere akawekwa palepale wodini. Mara moja kwa juma, kwa dakika 3 hadi 5 tu, mhudumu akiwa kazini alifanya zoezi zima: kumfuta mtoto, kumsugua mgongo, kunyoosha kichwa kidogo bila kukikunja nyuma mno, kuweka barakoa ifunike mdomo na pua. Kidole gumba na cha shahada hukandamiza barakoa kwa umbo la duara. Vidole vitatu vilivyobaki huinua taya. Kisha unaminya ambubagi na jicho linabaki kifuani. Barakoa ikivuja, kifua cha mwanasesere hakiinuki, nawe unajua papo hapo kwamba umekosea. Unarekebisha kichwa, unabana tena, kifua kinainuka. Halafu unarudi kwa mama aliyeko kwenye uchungu.

Mtafiti Estomih Mduma na wenzake walilinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya hapo, karibu vizazi 4,900 kwa 4,800. Vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Na kuna jambo ambalo msomaji wa haraka anaweza kulipita: waliosisimuliwa na kunyonywa ute waliongezeka, ilhali waliopumulishwa kwa ambubagi walipungua, kutoka 357 hadi 283. Hatua za mwanzo zilipofanywa mapema na kwa uhakika, baadhi ya watoto walianza kupumua wenyewe kabla ya kufikia barakoa. Upungufu wa matumizi ya kifaa ulikuwa dalili ya ufundi uliokomaa.

Mtu makini atauliza: hospitali moja, kabla na baada, je, haikuwa bahati, au mabadiliko mengine ya mwaka ule? Swali ni la haki. Ndiyo maana kazi iliyofuata ina uzito. Mpango wa Safer Births uliingizwa kwa zamu katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ili mkoa ambao haujaanza uwe kipimo cha ule uliokwisha kuanza. Uti wa mgongo wake ulikuwa uleule: mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, yakiongozwa na wahudumu wa kituo chenyewe, pamoja na vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na vya kupumulisha. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yanaonyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Tabora ilikuwamo. Katavi, inayopakana nayo, haikuwamo.

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine uliokua kwa kasi hiyo. Wakulima na wafugaji wanaendelea kuhamia Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, na wanakuja na watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani humu wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Mama wa umri huo huzaa njiti zaidi, na njiti ndiye mgonjwa anayedai ufundi mwingi kuliko wote. Mpanda, makao makuu ya mkoa, sasa ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Lakini mtoto anayezidiwa Mishamo au Karema bado ana safari ndefu kuifikia, na kutoka Mpanda kwenda hospitali ya kanda, iwe Mbeya au Mwanza, ni mamia ya kilomita.

Daktari bingwa wa watoto nchini hupatikana hivi: miaka 5 ya shahada ya kwanza, mwaka 1 wa utarajali, leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha, kwa kawaida, miaka 3 ya shahada ya uzamili Muhimbili, KCMC, Bugando au chuo kingine. Katika miaka hiyo resident, yaani daktari anayesomea ubingwa, hupita wodi ya vichanga, wodi ya utapiamlo, kliniki za moyo, figo na saratani. Anaandika tasnifu, anakesha zamu, kila asubuhi anasimama mbele ya maprofesa kueleza wagonjwa waliolazwa usiku. Ni malezi mazito na nayaheshimu. Kasoro yake iko mahali pamoja: mtoto anayefikishwa kwa resident wa hospitali kubwa mara nyingi ameshapita mikono mingine. Ameshawekewa mshipa, ameshapewa dozi ya kwanza, ameshaivuka saa ya kwanza. Mpanda mtoto hufika kwa bodaboda, analetwa na bibi, ana degedege, viganja vyeupe, anahema kwa kuinua mbavu, na aliyepo ni tabibu mmoja na muuguzi mmoja. Saa hiyo ya kwanza ni somo kamili, nalo linafundishika vizuri zaidi pale linapotokea.

Kuna sababu nyingine ya kuileta shule karibu na wodi za namna hiyo. Maarifa yenyewe hubadilika yanapopimwa huko. Vitabu vya zamani vilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu ulioporomoka amwagiwe dripu nyingi kwa haraka. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulihusisha watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya kwetu ilikuwa Hospitali Teule ya Muheza. Waliomwagiwa maji ya chumvi haraka walikufa asilimia 10.5 ndani ya saa 48, waliomwagiwa albumini asilimia 10.6, na wasiomwagiwa kabisa asilimia 7.3. Muheza si Dar es Salaam, na jibu lilipatikana hukohuko kwa sababu watoto wenye malaria kali na upungufu wa damu ndio waliokuwa huko, bila mashine za kupumulia wala chumba cha wagonjwa mahututi cha kisasa. Resident aliyejifunza kipimo cha dripu kwenye kitabu cha nchi baridi na asiwahi kukaa na watoto hawa anaweza kudhuru kwa nia njema.

Katavi si ngeni kwa daktari aliyesomea mbali. Adrian Atiman, aliyezaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto na kukombolewa na Mapadre Weupe, alisomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu hapo hadi alipofariki 1956. Miaka 67 mahali pamoja. Ninapotafakari mafunzo ya madaktari wa mkoa huu, kinachonishika zaidi katika habari zake ni kule kukaa.

Mei 2024 serikali ilianza kampeni ya madaktari bingwa wa Rais Samia: timu ya mabingwa, bingwa wa watoto akiwemo, ikapelekwa katika kila moja ya halmashauri 184, kutibu na kufundisha kwa muda wa juma hivi. Watoto waliotibiwa ni watoto halisi na shukrani za wazazi ni za kweli. Kwa upande wa kufundisha, hata hivyo, Haydom imekwisha kutuambia kozi fupi ya mgeni huacha nini nyuma. Juma la bingwa lingekuwa na thamani maradufu kama lingekuwa mwanzo wa zoezi ambalo muuguzi mfawidhi wa wodi analiendeleza Jumatatu inayofuata, na inayofuata tena.

Hospitali ya Rufaa ya Katavi ingeweza kupokea resident wa mwaka wa pili au wa tatu kwa miezi mitatu mitatu, kwa zamu isiyokatika, akiwa chini ya bingwa aliyepo na akiwasiliana na walimu wake kwa simu kila asubuhi. Kazi yake ya kwanza isiwe kuonyesha alichokuja nacho. Akae mapokezi. Apange watoto kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa makundi matatu: wa dharura, wa kipaumbele na wa foleni. Rejista iwe na safu chache tu: saa mtoto alipofika, saa alipopata tiba ya kwanza, tiba gani, nini kilifuata. Bila safu hizo hakuna atakayejua kama mafunzo yamefika kwa mtoto au yamebaki darasani, kama vile Haydom wasingejua bila daftari zao.

Zoezi la dakika tano liongozwe na mwenyeji. Hapa sitaki kulegeza neno, kwa sababu ndipo mipango mingi huvunjika. Resident ataondoka, bingwa anaweza kuhamishwa, muuguzi wa wodi ya watoto atakuwepo. Yeye ndiye apewe funguo za kabati la mwanasesere na mamlaka ya kumwambia daktari, mbele ya wenzake, kwamba barakoa yake inavuja. Na kikao cha vifo cha kila juma kiulize kilichotokea dakika kwa dakika, kisimtafute wa kulaumiwa, maana mtu anayeogopa adhabu huandika saa za uongo kwenye rejista.

Madaktari wa upasuaji wamekwisha kuonyesha kwamba ubingwa unaweza kulelewa nje ya kampasi. Chuo chao cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, humfundisha mtu akiwa anafanya kazi katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya msimamizi, na mtihani ni mmoja kwa nchi zote. Ufuatiliaji wa wahitimu uliochapishwa 2017 ulikuta zaidi ya asilimia 80 wamebaki katika nchi walizosomea. Kwa watoto si lazima kuiga kila kitu. Damu salama, oksijeni isiyokatika na maabara inayojibu usiku vinahitajika kwanza, na resident asipelekwe kuziba pengo la ajira. Ila daktari wa Mpanda anayechaguliwa kwenda kusomea ubingwa angeweza kufanya utafiti wa tasnifu yake kwenye rejista ya Mpanda, juu ya njiti wa Mpanda, na akarudi kwenye wodi anayoijua kwa namba zake. Kwa hatua hiyo ya kwanza hakuna jengo jipya linalohitajika. Chuo kimoja kikubali kuihesabu miezi hiyo mitatu kama sehemu ya masomo, halmashauri itafute nyumba ya kulala karibu na hospitali, na Mganga Mfawidhi apange saa ya zoezi kwenye ratiba ya zamu kama anavyopanga saa ya raundi.