Vuta N'Kuvute: Riwaya Iliyonyang'anywa Msimulizi

Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Filamu yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2021 katika Tamasha la Filamu la Toronto, Kanada, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa. Hiyo ilikuwa filamu ya pili kupelekwa na nchi; ya kwanza ni Maangamizi, miongo miwili nyuma. Kitabu kina kurasa zaidi ya 200. Filamu ina dakika 90 hivi. Mtu anayesoma kwa sauti kwa mwendo wa kawaida hafiki hata nusu ya kitabu katika muda huo, kwa hiyo suala la nini kiachwe halikuwa na njia ya kukwepwa.

Hadithi yenyewe inatokea Unguja katika miaka ya 1950, Waingereza wakiwa bado wameshika nchi. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwenye duka aliye na umri wa kuwa baba yake. Anamkimbia, ndugu zake wanamkataa, naye anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili mwenye roho nyepesi na nyumba isiyokosa wageni. Humo anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na aliyerudi na vitabu na magazeti yasiyotakiwa na serikali. Inspekta Wright na Koplo Matata wanamwinda Denge, Yasmin anampenda. Kamba inavutwa huku na huku: mapenzi na siasa, ukoo na moyo, mtawala na mtawaliwa.

Anayeifanya riwaya hiyo isomeke kwa raha ni msimulizi kuliko mhusika yeyote. Ni msimulizi ajuaye yote, wa ukoo mmoja na mzee wa barazani: anajua nani kavaa nini, nani kanuna kwa sababu gani, chai ya nyumba ipi ina tangawizi nyingi. Anamcheka askari anayejiona mkubwa. Anaacha mkasa ukining'inia na kwenda kueleza harufu ya uchochoro, kisha anarudi kama vile hakuondoka. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, ambao kwao riwaya hii imekuwa kitabu teule, hufundishwa kumtaja katika kipengele cha fani kwa maneno mawili, "nafsi ya tatu", kisha huendelea na dhamira. Maneno mawili hayo yanaficha mtambo mzima unaoendesha kitabu.

Kamera haina nafsi ya tatu ya namna hiyo. Inaonyesha tangawizi, haiwezi kusema imezidi. Mwandishi wa filamu anayeshika riwaya ya msimulizi mwenye maneno mengi ana njia tatu. Anaweza kumweka msimulizi kama sauti inayosikika juu ya picha. Anaweza kugawa maneno yake kwa wahusika, waelezane mambo ambayo tayari wanayajua, jambo linaloharibu filamu nyingi za Kibongo ambamo watu wawili hukaa kwenye sofa na kusimuliana mkasa mzima. Au anaweza kumwondoa kabisa na kutafuta vitu vingine vya kubeba mzigo wake. Shivji na mwandishi mwenzake, Jenna Bass wa Afrika Kusini, walishika njia ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote.

Kitu cha kwanza kilichobebeshwa mzigo huo ni taarab. Mwajuma anachezwa na Siti Amina, mwimbaji wa kundi la Siti and the Band la Zanzibar. Uteuzi huo ni uamuzi wa kiufundi kabla ya kuwa uamuzi wa sura. Angechukuliwa mwigizaji wa kuchezesha midomo juu ya sauti ya mwingine, nyimbo zingekuwa pambo tu. Mwimbaji mwenyewe akiwa ndani ya picha, pumzi yake, jasho lake na namna anavyomtazama msikilizaji mmoja kati ya wengi vinakuwa sehemu ya maelezo. Taarab tangu zamani ni sanaa ya mafumbo: anayeimbiwa anajua ni yeye, na majirani wanajua kwamba anajua. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, aliimba mambo ya mji yaliyokuwa yakitokea, na wasikilizaji wa Ng'ambo waliyapokea kama habari na kama hukumu. Kwa hiyo filamu inayompa mwimbaji wa taarab nafasi ya kutoa maoni juu ya mkasa imechukua chombo kilichokuwepo Unguja kabla ya riwaya na kabla ya sinema. Hapo ndipo filamu ilipofaulu zaidi.

Kitu cha pili ni mahali. Mji wa Unguja wa wakati wa ukoloni ulikuwa miji miwili: Mji Mkongwe wa nyumba za mawe, maduka na ofisi, na Ng'ambo, upande wa pili wa hori la bahari lililokuja kufukiwa, wa nyumba za udongo na makuti. Katika riwaya msimulizi ana nafasi ya kueleza tofauti hiyo ya rangi na tabaka. Katika filamu kazi hiyo inafanywa na kuta. Vichochoro ni vyembamba, mwanga unaingia kwa vipande, watu wanaonekana nusu. Giza linafaa kwa hadithi ya mapenzi yaliyokatazwa na vipeperushi vinavyopita kwa siri, na mpiga picha hakuliogopa. Yasmin anapotoka upande mmoja kwenda mwingine, mtazamaji haelezwi kwamba amevuka mpaka, anauona.

Kitu cha tatu ni kimya, na hapa hesabu inaanza kuwa na deni. Ikhlas Gafur Vora katika nafasi ya Yasmin na Gudrun Columbus Mwanyika katika nafasi ya Denge wameachiwa muda mrefu wa kutazamana. Kimya kinafaa mapenzi. Kwa siasa hakifai sana. Denge wa kitabuni ni mtu wa hoja: anabishana, anasoma, anashawishi, na msomaji anaelewa kwa nini serikali inamwogopa. Denge wa kwenye filamu anaonekana zaidi kama mtu anayependwa na anayewindwa. Kwamba ana fikra, mtazamaji anapaswa kuamini kwa heshima.

Deni lingine ni kichekesho. Ucheshi wa Adam Shafi uko katika maelezo, katika namna msimulizi anavyopanga maneno anapomfikia mtu kama Koplo Matata, askari mwenyeji anayewatumikia wageni kwa bidii kuliko wageni wenyewe. Ukiondoa maelezo, anabaki askari. Vilevile riwaya inavuka bahari hadi Mombasa na kurudi, inamwachia Yasmin miaka ya kukosea na kujifunza, na inafungua milango ya nyumba nyingi za pembeni. Filamu imeuweka uzito kwa wapendanao wawili na mji mmoja.

Hakuna mkato wa dakika 90 ambao ungeyaokoa yote hayo. Kwa umbo lake, Vuta N'Kuvute ni tamthilia ya televisheni iliyoandikwa kabla ya wakati wake: ina mikasa inayokatwa palipo moto, wahusika wanaopotea na kuibuka, majirani wenye siri zao, na mapenzi yanayocheleweshwa. Watanzania waliofuatilia tamthilia kama Huba au Jua Kali kwenye vingʼamuzi vyao wameshazoea kungoja jambo hata kwa miezi. Kikwazo ni gharama. Tamthilia ya leo hupigwa katika nyumba yenye sofa na geti. Tamthilia ya miaka ya 1950 inataka magari, mavazi, sare za polisi na mitaa isiyo na nyaya za umeme wala mabango ya simu, kila sehemu, wiki baada ya wiki. Filamu moja inaweza kubeba gharama hiyo mara moja tu.

Namna ya kugeuza hutegemea pia ukubwa wa chanzo. Jenna Bass huyohuyo alishirikiana na Wanuri Kahiu kuandika Rafiki, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha la Cannes, na ilipigwa marufuku nyumbani kwa maudhui yake ya mapenzi ya wasichana wawili. Kiufundi, kazi ilikuwa kinyume cha ile ya Unguja. Hadithi ni fupi, imeandikwa kama barua kwa mtu aliye mbali, na kila kitu kimekwisha kutokea. Barua haina matukio ya kutosha filamu nzima, kwa hiyo waandishi waliongeza: mji ukahamishwa kutoka Kampala kwenda Nairobi, majina yakabadilika, familia za wasichana zikapewa siasa za uchaguzi. Riwaya ndefu humlazimisha mwandishi wa filamu kukata, hadithi fupi humlazimisha kujenga, na mara nyingi anayejenga hulaumiwa kidogo kuliko anayekata, kwa kuwa hakuna msomaji anayelilia ukurasa ambao haukuwepo.

Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopata Oscar saba, ni mfano wa chanzo kisicho na mkasa hata kidogo. Kumbukumbu za Karen Blixen za shamba lake chini ya vilima vya Ngong ni picha moja moja, na mwandishi Kurt Luedtke ilimbidi achukue mapenzi ya filamu kutoka katika wasifu wa Blixen na wa Denys Finch Hatton ulioandikwa na watu wengine. Kilichopatikana ni filamu ya watu wawili na mandhari, huku Wakikuyu wa shambani, wanaojaa kurasa za kitabu, wakisogea nyuma ya picha.

Kipimo kingine cha filamu ni mahali inapotazamwa. Chukua mfano wa Dindira, kata ya Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, juu kwenye miteremko ya Usambara, penye chai na ukungu, mbali na bahari ya Adam Shafi. Lugha ya nyumbani ni Kisambaa, na Kiswahili ni cha bara. Lahaja ya Unguja mjini, ambayo ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, inafika huko ikisikika kama ya vitabuni na ya ugenini kwa pamoja. Hata ukoloni unaooneshwa ni wa sura nyingine. Katika Usambara ya miaka ya 1950, mgogoro mkubwa na Waingereza ulihusu amri za kilimo, hasa matuta ambayo wakulima walilazimishwa kuchimba mashambani, mpaka mpango huo wa serikali, uliojulikana kwa jina la Mlalo, ukashindwa mwishoni mwa muongo huo. Mzee wa milimani anayetazama polisi wakimfukuza kijana wa vipeperushi katika vichochoro anaona mtawala yuleyule akiwa na kazi tofauti.

Kuna jambo la kiufundi zaidi. Katika vibanda umiza vya Tanzania, yaani vibanda vya kutazamia video, filamu za nje zimekuwa zikipita mdomoni mwa mtu kabla ya kumfikia mtazamaji. Lufufu, mfasiri wa filamu wa Dar es Salaam, na waliomfuata, hawakufasiri maneno tu: walieleza nani ni nani, walitania, walibashiri, waliwapa wahusika majina ya nyumbani na kumkaripia adui kabla hajafanya kosa. Yaani walifanya kazi ya msimulizi wa riwaya, wakairudisha ndani ya chombo kilichokuwa kimemfukuza. Mtazamaji aliyekua na sauti hiyo ameshazoea kwamba filamu ina mtu wa kuieleza.

Vuta N'Kuvute ni ya Kiswahili, kwa hiyo haina haja ya kutafsiriwa. Inafika na kimya chake chote, na maswali yanayoulizwa ndani ya kibanda ni yale ambayo ukurasa ungeyajibu: huyu kijana alisoma wapi, kwa nini ndugu wa binti hawamtaki, yule askari ni wa nani. Akiwapo aliyeisoma riwaya kwa ajili ya mtihani wa kidato cha sita, yeye ndiye anayejibu, kwa sauti ya chini, onyesho likiendelea.