Kabla ya Kuilaumu Beringi: Spindeli ya Mashine ya Kukerezea Hupimwaje?

Mashine ya kukerezea ikianza kutetemeka na kuacha mawimbi juu ya kazi, mafundi wengi huamua papo hapo kwamba beringi za spindeli zimekufa. Beringi hizo ni ghali, na kuzifungua ni kazi nzito. Inauma kuona fedha zimetoka, mashine imefungwa upya, na mtetemo uko palepale. Ugonjwa huu una vipimo vyake, na vina mpangilio.

Kwanza, tenganisha kosa la chaki na kosa la spindeli. Chaki iliyochakaa hubana nondo nje ya kitovu, lakini ukiikereza nondo hiyo bila kuilegeza, inatoka duara, kwa sababu tuli inakata kuuzunguka mhimili wa spindeli. Basi chukua nondo nene, fupi, isiyo bomba, uikereze bila kutumia mkia, kisha uipime kwa maikromita ikiwa bado imebanwa. Ikionekana ina umbo la yai, chaki haina kosa. Hapo ndipo spindeli ianze kushukiwa.

Sasa ondoa chaki na ulegeze mkanda. Kaza dayogeji kwenye kichwa cha mashine, ncha yake iguse ndani ya tundu la pua ya spindeli, halafu zungusha kwa mkono, polepole. Mwaka 1927 Profesa Georg Schlesinger wa Berlin alichapisha kitabu cha vipimo vya kupokelea mashine za karakana, na utaratibu wake ndio uliozaa viwango vinavyotumika leo. Kwa mashine ya kukerezea ya kawaida, pua ya spindeli hairuhusiwi kuyumba zaidi ya takriban 0.01 mm.

Usitazame namba peke yake. Tazama pia mahali inapotokea. Tia alama ya rangi kwenye spindeli na uizungushe mara kadhaa. Sindano ikipanda kila mara kwenye alama ileile, spindeli imepinda au tundu lake limeumia, na beringi mpya hazitasaidia. Kilele kikihamahama, tatizo liko kwenye rola za beringi. Spindeli ikimaliza mzunguko mmoja, rola huwa hazijafika hata nusu ya safari yao, kwa hiyo kasoro yao hairudi mahali pamoja.

Kisha pima ulegevu. Pitisha mti imara ndani ya tundu la spindeli na uinyanyue. Sindano ikipanda taratibu kadiri unavyoongeza nguvu na kurudi sifuri ukiachia, huko ni kunepa kwa chuma. Ikiruka ghafla kwa nguvu kidogo kisha ikagoma, kuna nafasi tupu kwenye beringi. Sukuma na uvute pia kwa urefu wa mhimili: ulegevu wa upande huo nao unaweza kuifanya tuli ya kukatia izame kwenye kazi ghafla.

Mwisho, washa na usikilize, bisibisi ikiwa imegusa kichwa cha mashine. Pigo moja kwa kila mzunguko hutokana na chaki isiyo na uwiano au jino la gia lililovunjika. Beringi huunguruma kwa kasi zaidi. Yenye rola 20, kwa mizunguko 600 kwa dakika, ikiwa na jeraha kwenye ringi ya nje, hugonga kama mara 80 kwa sekunde.

Ulegevu ukithibitika na muungurumo haupo, usinunue kitu bado. Kwenye beringi za rola za koni, kaza nati ya kurekebishia kidogo sana, endesha mashine kwa nusu saa, kisha shika kichwa chake. Uvuguvugu ni sawa. Mkono ukishindwa kukaa, umekaza kupita kiasi, rudisha nyuma.

Fundi mwenzangu, andika namba za kila kipimo na tarehe yake kwenye daftari la mashine. Beringi ibadilishwe pale tu namba hizo zinaposema ibadilishwe.