Kadi za mtandao zilizokufa mwaka 2008

Seva ikiacha kuiona kadi yake ya mtandao, fundi huanza na waya, kisha mipangilio ya BIOS, kisha draiva. Septemba 2008 njia hiyo haikufika popote. Watu waliokuwa wakijaribu kerneli ya Linux 2.6.27 kabla haijatolewa rasmi waliwasha mashine zao wakakuta kadi ya Intel iliyo kwenye ubao mama, ya aina ya 82566 au 82567, haifanyi kazi tena. Walirudisha kerneli ya zamani, hali ikabaki ileile. Zilizoharibika zilikuwa data za kadi yenyewe.

Kadi hizo huweka anwani ya MAC na mipangilio yake katika chipu ya flashi, ileile inayobeba BIOS. Maneno 64 ya mwanzo, kila moja la biti 16, yakijumlishwa ni lazima yatoe namba ambayo kwa hesabu ya msingi wa 16 huandikwa BABA. Msomaji wa Kiswahili hataisahau. Jumla ikitoka nyingine, draiva ya e1000e huikataa kadi. Hicho ndicho kilichokuwa kikitokea: mtu au kitu kiliandika takataka ndani ya flashi.

Aliyeshukiwa kwanza, bila shaka, ni e1000e, maana yeye ndiye mwenye mlango wa flashi. Kisha macho yakageukia programu za michoro. Lakini kila jaribio la kutafuta ukweli lingeweza kuua kadi nyingine. Hitilafu ya kawaida unaweza kuirudia mara mia kwa siku hadi uikamate. Hii ilidai kadi nzima kwa kila ushahidi.

Kwa hiyo kazi ilipangwa kinyume cha mazoea, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Ubuntu waliizima draiva hiyo katika toleo lao la majaribio, ingawa watumiaji wangekosa mtandao. Wahandisi wa Intel wakaandika kiraka kinachoifunga flashi isikubali kuandikwa, nacho kikaingia katika kerneli 2.6.27 iliyotolewa tarehe 9 Oktoba. Mlango ulikomewa wakati mwizi bado hajulikani. Wapo watakaosema kufunga hivyo ni kuficha dalili. Sikubaliani nao: vifaa vya watu si maabara.

Mhusika alipopatikana, hakuwa na uhusiano wowote na mtandao. Alikuwa ftrace, chombo cha Steven Rostedt cha kufuatilia mwenendo wa kerneli. Kilikuwa kikiandika anwani ya kila mahali kilipoitwa, kisha baada ya muda mfupi kinarudi kwenye anwani hizo kufuta miito ili mashine isipungue kasi. Shida ni kwamba moduli ina sehemu inayotumika mara moja tu, wakati wa kuanza, kisha nafasi yake katika kumbukumbu huachwa huru. Ftrace ilikuwa na orodha ya nyumba ambazo wenyewe walishahama. Na katika moja ya nyumba hizo, e1000e ilikuwa imepewa nafasi ya kuifikia flashi.

Rostedt hakuwa mzembe. Aliweka ulinzi: agizo la cmpxchg, ambalo hulinganisha kwanza na kubadilisha pale tu panapolingana. Ila katika prosesa za x86 agizo hilo hufanya mzunguko wa kuandika hata ulinganisho ukishindwa. Hurudisha thamani ileile iliyoikuta. Kwenye kumbukumbu ya kawaida hilo halina madhara yoyote. Kwenye anwani zinazoongoza flashi, kuandika ni kutoa amri. Kadi ziliuawa na hatua iliyowekwa kwa ajili ya usalama.

Tarehe 15 Oktoba likatoka toleo 2.6.27.1 lililozima sehemu hiyo ya ftrace. Katika 2.6.28, ya Desemba, iliundwa upya: orodha ya miito sasa hutengenezwa wakati wa kukusanya kerneli, na kurudi kule kwa kuchelewa kukaondolewa.

Wewe unayetunza seva, usisubiri tatizo kama hili. Kabla ya kubadilisha kerneli au BIOS, endesha ethtool -e ukitaja jina la kadi yako, na dmidecode -s bios-version. Hifadhi majibu yote mawili nje ya mashine hiyo. Fanya hivyo kwa kila seva peke yake, kwa sababu nakala ya kadi moja ina anwani ya MAC ya kadi hiyo tu.