Chungu Kizima Hulia

Bibi yangu hakununua chungu kwa macho. Siku za gulio, wauza vyungu walipokwisha kupanga bidhaa zao chini ya mwembe, aliinama, akainua kimoja, akakipakata kwenye kiganja cha kushoto na kukigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole cha kulia. Kisha alinyamaza, na mimi niliyemshikia kikapu nilinyamaza pia. Kikilia "ngii", alikiweka kando. Kikisema "tap", alikirudisha mahali pake bila neno, na muuzaji hakubishana naye. Nilikuwa na miaka saba. Nilidhani anabisha hodi.

Miaka hiyohiyo niliisikia methali ya mfinyanzi hulia gaeni, nikaielewa kwa namna yangu. Nilimwona mfinyanzi amekaa katikati ya vyungu vyake vilivyovunjika, analia machozi. Baadaye mwalimu wa Kiswahili akatusahihisha darasani: hulia hapo ni kula, si kulia. Mfinyanzi huwauzia wenzake vyombo vizima, yeye mwenyewe chakula chake hukipakulia kwenye kigae. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapewa alama zangu, lakini picha ile ya kwanza haikunitoka. Ilinibidi nivuke bahari ili nijue kwa nini.

Banyumulek ni kijiji cha wafinyanzi kusini ya mji wa Mataram, kwenye kisiwa cha Lombok, Indonesia, jirani wa mashariki wa Bali. Nilikwenda Lombok kama waendavyo wasafiri wengi, kwa ajili ya bahari. Siku ya tatu mama mwenye nyumba ya wageni aliniambia kwamba ana jamaa zake Banyumulek, na kwamba mgeni akitaka anaweza kukaa na mfinyanzi akafundishwa. Nilitarajia somo la saa mbili. Nilikaa siku tisa.

Kijiji hicho unakisikia kabla ya kukiona. Ukishuka kwenye gari barabarani unapokewa na mlio wa vibao vikipiga udongo mbichi, pa-pa, pa-pa, nyumba hii na nyumba ile, kila ua na mwendo wake. Wapigao ni wanawake. Kwa desturi ya Wasasak, wenyeji wa Lombok, kuumba vyungu ni kazi ya wanawake. Mama humrithisha binti, na wanaume hushika zaidi kazi ya kuleta udongo na kupeleka vyombo sokoni. Mwalimu wangu aliitwa Inaq na kila mtu pale uani, yaani mama kwa Kisasak, na mimi nikamwita hivyo. Sikio langu lilifurahi, kwa kuwa neno hilo halikai mbali na nina, jina la mama katika Kiswahili cha tungo za zamani.

Lugha ya pamoja hatukuwa nayo, ila tulikuwa na vipande. Yeye akiuliza kabar, nami najibu habari. Dunia kwake ni dunia kwangu. Kiarabu kilitupitia sote, kwa meli na kwa madrasa, kikatuachia akiba ya maneno ambayo watu wawili wanaweza kukaa nayo siku nzima. Alipotaka nisiharakishe alisema pelan-pelan, na hapo hakuhitajika mkalimani kwa mtu aliyekua akiambiwa polepole. Nilipobonyeza ukuta wa chungu ukaanguka, alisema sabar. Nikasema subira. Akacheka, akarudia la kwangu, nikarudia la kwake.

Udongo wa Banyumulek ni wa kunata, wa rangi ya kahawia iliyoiva. Mumewe Inaq aliuleta ukiwa mabonge magumu. Uliloweshwa, ukatolewa kokoto na mizizi, ukakanyagwa kwa miguu, kisha ukachanganywa na mchanga laini. Mchanga huo ndio unaouwezesha ukuta wa chungu kupumua. Udongo mtupu husinyaa kwa nguvu unapokauka na kujipasua wenyewe. Mchanga huupunguzia kusinyaa na kuuachia mvuke njia ya kutokea. Nilijaribu kukisia kipimo kwa macho. Inaq alichukua donge, akalisugua kwa kidole gumba karibu na sikio, akaongeza konzi moja.

Ndipo akaanza. Alikandika kitako juu ya kigae kipana kilichotandazwa majivu, akainua kuta kwa kuongeza mapande marefu ya udongo, pande juu ya pande, akiyaunga kwa vidole. Hadi hapo umbo lilikuwa zito, nene, halina uzuri wowote. Akachukua jiwe la mtoni, la duara, lililolainika kwa kushikwa, akalitia ndani kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukashika kibao. Kila pigo la nje lilipokewa na jiwe la ndani. Kati ya hivyo viwili ukuta ulikuwa ukipungua unene na kupanda, tumbo likivimba, bega likijikunja kuelekea shingoni. Wakati huo Inaq alikuwa akizungumza na jirani yake ng'ambo ya ua. Nilimtazama kwa muda mrefu kabla sijatambua kwamba hakuwa akikitazama chungu.

Alikuwa akikisikiliza. Palipo pazito kibao hutoa mlio mfupi, wa chini, kama mtu anayepiga gunia la mchele. Pakianza kuwa pembamba mlio hupanda na kufunguka. Mkono wake ulizifuata sauti nzito, ukazipiga hadi zikalingana na nyingine, ukasogea. Kwangu mimi sauti zote zilikuwa moja. Siku ya kwanza vyungu vyangu viwili vililegea na kukaa chini, siku ya pili kimoja kilitoboka. Siku ya tatu Inaq alichukua ukingo wa mtandio wangu akanifunika nao macho, akanikalisha hivyo na kibao mkononi. Nilipiga muda mrefu gizani. Kisha, pasipo onyo, nikasikia mahali pazito. Palikuwa karibu na kitako, upande wa kushoto, upana wa vidole vitatu, na nilipajua kama mtu anavyojua kuna mtu mwingine chumbani. Nikapapiga. Pakapanda.

Sijui furaha nyingine inayofanana na ile. Nimesoma sana maishani, nimeandika kiasi, na elimu yangu karibu yote iliingia kwa macho. Pale uani niliona kwamba kuna maarifa mazima, yenye hatua zake na ubingwa wake, ambayo hayajawahi kuandikwa kwa kuwa makazi yake ni katikati ya kifundo cha mkono na sikio. Mabinti wa kijiji kile huanza kuyanywa wakiwa bado wamebebwa mgongoni.

Wapo wanaouita ufinyanzi huu wa kizamani, kwa sababu hauna gurudumu. Nayakataa maneno hayo. Gurudumu hukizungusha chungu mbele ya mtu aliyekaa. Pale, chombo kikiwa kikubwa, mtu ndiye anayekizunguka. Nilimwona Inaq akiumba gentong, mtungi mkubwa wa maji unaomfika mtu kiunoni, akirudi nyuma hatua kwa hatua kuuzunguka, mkono mmoja ndani na mmoja nje, na mduara wa mdomo ukatoka sawa kana kwamba ulipimwa kwa bikari. Mwili wake ulikuwa ndio ekseli.

Wanawake wa pwani yetu waliumba hivyohivyo, bila gurudumu, na kazi yao ndiyo iliyotunza historia yetu. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua Shanga kwenye kisiwa cha Pate, au Unguja Ukuu, walikuta huko vipande vya vyombo vya ng'ambo, vya Uchina na vya Ghuba, vinavyong'aa na kupendeza makumbusho. Lakini sehemu kubwa ya walichokikuta ni vigae vya vyungu vya hapahapa, vya kupikia, vyenye alama za pembetatu zilizochorwa shingoni udongo ungali mbichi. Vigae vya aina hiyo, vya karne ya 7 hadi ya 10, vimefukuliwa kutoka Lamu hadi kusini ya Tanzania na ndani ya bara pia, na ni miongoni mwa ushahidi mkubwa ambao wataalamu kama Felix Chami waliutumia kuonyesha kwamba miji ya Waswahili ilianzishwa na watu wa Afrika, haikuletwa tayari kwa jahazi. Hoja hiyo kubwa imesimama juu ya vyungu vya jikoni. Miti ya nyumba ilioza, makuti yalioza, na mwanamke aliyechora pembetatu zile kwa ncha ya kijiti hatumjui jina, lakini mkono wake tunautambua.

Basi Inaq alipochukua mfupa na kuanza kuchora mistari begani mwa chungu changu, nilimwomba aniachie. Nikachora pembetatu. Akazitazama, akaguna kidogo, akaniruhusu niendelee.

Kukausha kulitaka siku tano, kwanza kivulini, kisha juani, na kila asubuhi kusugua kwa jiwe hadi ngozi ya chombo ing'ae. Katika siku hizo za kungoja alinionyesha kendi maling, birika ambayo Lombok inajulikana kwayo. Maling ni mwizi. Juu yake pamezibwa kabisa, hapana mahali pa kujazia. Unaipindua, unaitilia maji kwa tundu lililo kitakoni, unaisimamisha, na hakuna tone linaloanguka. Maji hutoka kwa mdomo wa pembeni tu. Ndani mna mrija wa udongo uliopanda kutoka kwenye tundu lile hadi karibu na juu, kwa hiyo birika ikisimama maji yanabaki chini ya kilele cha mrija. Mfinyanzi akishaziba juu, hauoni tena mrija huo. Inaq aliijaza ya kwake iliyokwisha kuchomwa, akaiinamisha karibu na sikio, akanipa nami nisikilize maji yakizunguka mrija.

Mchana tulikula wali na plecing, mboga ya majani iliyotiwa nyanya na pilipili kali. Tulikula kwenye sahani za plastiki. Nyuma yetu, ukutani, zilisimama bakuli na vyungu zaidi ya mia vikingoja mnunuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulianzishwa mradi uliosaidiwa na New Zealand, ukawaunganisha wafinyanzi wa vijiji vya Banyumulek, Penujak na Masbagik na masoko ya nje, na kazi yao ikafika mbali. Hata hivyo ndoo ya plastiki na sufuria ya alumini haziulizi ruhusa, huko kama kwetu. Bei aliyonitajia Inaq ya mtungi alioufanyia kazi siku nyingi iliniuma, na bado inaniuma. Sahani ile ilikuwa ndiyo kigae cha siku hizi.

Siku ya kuchoma tulipanga vyombo uwanjani, vikubwa chini na vidogo juu, tukavifunika kwa makuti makavu, makumbi ya nazi na mabua ya mpunga. Inaq alianza na moto mdogo wa pembeni, na sababu yake ni nzito. Unyevu wowote uliosalia ndani ya ukuta hugeuka mvuke ukifika nyuzi 100, na moto wenye pupa hukipasua chombo kabla mvuke haujapata njia. Baadaye ndipo mabua yaliporundikwa na miali ikapanda kupita vichwa vyetu. Joto likipita nyuzi 500 hivi, udongo huachia hata yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake zenyewe, na tangu hapo haurudi tena kuwa tope, hata uloweshwe mwaka mzima. Ndipo pia unapopata sauti. Chungu kikavu ambacho hakijapita motoni hata ukigonge vipi kinasema tap.

Tulikuwa tumekaa mbali kidogo na joto, na adhana ya alasiri ikasikika kutoka misikiti minne au mitano kwa pamoja, kama ilivyo kawaida kwenye kisiwa kinachoitwa cha misikiti elfu moja. Sura ya Ar-Rahman ikanijia. Humo mwanadamu anatajwa kuwa ameumbwa kwa salsali, udongo mkavu wenye kulia, mfano wa udongo wa mfinyanzi. Nimeisikia sura hiyo tangu utotoni, kwenye harusi na kwenye hitima, na siku zote nilifikiria ulaini, udongo uliofinyangwa. Neno lenyewe linasema mlio. Nililitamka kwa Inaq, salsal, nikimwonyesha kidole kwenye moto. Akaitikia kwa kichwa, akamalizia aya yenyewe kwa sauti ya chini, kwa Kiarabu cha chuoni kama changu.

Majivu yalipopoa kidogo aliviopoa vyombo kwa kijiti, akavinyunyizia maji ya kokwa za ukwaju zilizosagwa, vikafuka na kuingia madoa ya kahawia. Kisha akaanza kuvigonga kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja. Ngii. Ngii. Ngii. Alifika kwenye changu chenye pembetatu. Kikasema tap.

Hatukuuona ufa. Tulikigeuza juani, tukakitia maji, ndipo uzi mwembamba wa unyevu ukajitokeza kutoka kitakoni hadi kwenye pembetatu ya pili. Inaq hakunifariji. Alikirudisha mikononi mwangu, akanipa na kimoja chake kizima kiwe cha kupikia. Na mimi, mtu mzima niliyevuka bahari, nililia, kwa kuwa nilikuwa nimekisikia mwenyewe kabla yake: pale kwenye kitako, upande wa kushoto, nilipopapiga zaidi ya haki yake.

Vyote viwili viko Tanga sasa. Chungu cha Inaq mama yangu alikichemshia kwanza uji mwepesi ili vitundu vyake vizibe, na tangu hapo ndicho cha samaki wa nazi. Kile changu hakiwezi maji, lakini makaa kinayaweza. Alhamisi jioni mama huweka humo vijinga viwili na chembe za ubani, akakizungusha vyumbani. Kabla ya kuweka makaa hukipakata kiganjani akakigonga kwa kifundo cha kidole, kama mama yake alivyokuwa akifanya, kisha hunyamaza kidogo, kila wiki, ingawa jibu analijua.