Kiingereza cha Msibani

Kwenye Barabara ya Naivasha, kutoka Dagoretti Corner kupitia Riruta Satellite hadi Kawangware, vibanda vya kompyuta vimebanana na vinyozi, maduka ya dawa na wauzaji wa gesi. Mabango yao yanaahidi mambo yaleyale: PIN ya KRA, eCitizen, picha za pasipoti, kutoa nakala. Mwishoni mwa orodha, mara nyingi kwa herufi ndogo, utakuta “Eulogies”. Humo ndani, kati ya mwanafunzi anayechapisha fomu na dereva anayefuatilia leseni, hufanyika kazi ya uandishi ninayoistahi kuliko nyingi zinazopewa tuzo. Husomwa kwa sauti mbele ya umati, na nakala zake hukaa kabatini, ndani ya Biblia, mpaka wajukuu wazeeke.

Wateja huja wawili au watatu, wamelala kidogo, simu zao hazinyamazi. Nyumbani wanaongea Kigikuyu, Kimaragoli au Kigusii. Njiani, Kiswahili na Sheng. Lakini wasifu wa marehemu wanautaka kwa Kiingereza. Wapo wanaosema huo ni utumwa wa akili, nami siwabishii sana. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kitabu kizima kuhusu utumwa huo mwaka 1986. Ila nimewasikiliza wasomaji wengi makaburini, Lang'ata na mashambani, na nikaona jambo ambalo hoja hiyo hailifikii. Kijana asiyeweza kusema kwa lugha ya mamaye kwamba baba amekufa, huku mama ameketi mbele yake, anaweza kulisema kwa Kiingereza mpaka nukta ya mwisho. Lugha ya kuazima haikumbembeleza usiku alipokuwa mtoto. Haijui pa kumshika koo.

Mwandishi mzuri wa kibandani analijua hilo, ndiyo maana haoni haya kutumia misemo iliyochakaa. Tangazo litaanza na “It is with humble acceptance of God's will”, na hakuna atakayelalamika. Misemo hii ni kama reli ya ngazi za ghorofa: hakuna anayeisifu, lakini gizani kila mkono huitafuta. Mwanafasihi anayecheka mafungu haya ya maneno hajawahi kuombwa kuandika saa tatu usiku, msafara ukiwa unaondoka nyumba ya mazishi ya Lee alfajiri.

Misemo mingine ina safari ndefu. “Promoted to glory” ni usemi wa Jeshi la Wokovu, kanisa lililojipanga kwa vyeo vya kijeshi tangu Uingereza ya karne ya 19 na kuingia Kenya mwaka 1921. Kwao ulikuwa na mantiki: mwanajeshi wa Mungu akifa, amepandishwa cheo. Siku hizi kila mtu anapandishwa, Mkatoliki, Mwanglikana, hata yule aliyekanyaga kanisani mara ya mwisho siku ya harusi yake. Watumishi wa serikali wana mzaha wao kwamba hicho ndicho cheo pekee kisichohitaji mahojiano.

Kuna misemo iliyobeba mizigo mizito zaidi. Katika miaka ya 1990 kurasa za tanzia za Daily Nation na Standard zilijaa “after a long illness bravely borne” na “after a short illness”, picha za vijana juu yake, na msomaji akajifunza kukisia. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, waliozika walilindwa na vivumishi. Huko kulikuwa kuficha, sikatai, na kuficha kuligharimu maisha. Lakini siwezi kumlaumu mwandishi aliyeketi na mjane, akaulizwa kwa macho tu, naye akaandika kile ambacho kijiji kingeweza kukisikia bila kumgeukia yule mama.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, hauko kwenye misemo. Uko kwenye orodha ya jamaa. Hapo ndipo vidole hupunguza mwendo kwenye kibodi. Mwana wa marehemu fulani na marehemu fulani; mume wa; baba wa; kaka wa; shemeji wa; babu wa. Ikiwa wake ni wawili, je, majina yao yatakaa mstari mmoja yakiunganishwa na “and”, au kila mmoja atapewa mstari wake? Nani atangulie? Yule binti aliyejitokeza hospitalini wiki ya mwisho, amefanana na marehemu hadi pua, atakuwa wa ngapi? Koma moja inaweza kuvunja matanga. Wala si mambo ya heshima tu: katika kesi za mirathi, mahakama za Kenya zimeletewa vijitabu vya mazishi na matangazo ya magazetini kuwa ushahidi wa nani alitambuliwa kuwa mke, na nani mtoto. Mtu wa kibandani, asiye na shahada ya sheria, huandika akijua kwamba huenda wakili atausoma mstari ule miaka kumi baadaye.

Nchi nzima iliwahi kuona tangazo la kifo linavyoweza kuwasha moto. Wakili S. M. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, redio ya taifa ilitangaza mazishi yake Upper Matasia, huku Ngong, kwa mujibu wa mjane wake, Wambui. Kisha likaja tangazo la ukoo wa Umira Kager kwamba angezikwa Nyalgunga, Siaya. Mzozo ukafika mahakamani, ambako palitajwa hata mapenzi yake kwa Shakespeare, ili kuonyesha alikuwa mtu wa kisasa asiyefungwa na mila. Kiingereza chake hakikumsaidia: alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Wazee wa Riruta bado hubishana kuhusu kesi ile, na waandishi wa tanzia, hata wale waliozaliwa baada yake, huuliza swali la kaburi kabla ya lile la picha.

Kuhusu tanzia za WhatsApp sina mengi ya kusema. “MHSRIP” (“May his/her soul rest in peace”) hamsini zikifuatana, halafu mtunza hazina anabandika orodha ya michango ya M-Pesa katikati. Zinatosha kwa kazi yao.

Wasifu hautoshi hivyo. Ukishakuwa na misemo na orodha, bado mtu aliyekufa hajaingia. Wateja husema alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu. Mwandishi wa kawaida huandika hayo na kudai pesa yake. Fundi huuliza: alikuwa akifanya nini Jumapili jioni? Mgeni akiondoka, je? Kimya kidogo, kisha mmoja anacheka huku akifuta macho: mzee hakukubali mgeni aende stejini peke yake, hata mvua ikinyesha, na lazima angebishana na makanga juu ya nauli kwa niaba yake. Hilo linaingia, kwa Kiingereza chepesi, katikati ya “devoted” na “hardworking”, na kaburini watu watacheka palepale.

Swali la mwisho kabla ya kuchapa ni nani atasoma. Akijulikana, msomaji huketishwa mbele ya skrini na kuambiwa asome yote kwa sauti, na kila neno analolikwamia linatolewa bila mjadala. Nimeona “magnanimous” likipigwa kalamu hivyo, baada ya mjukuu wa kidato cha pili kulijaribu mara ya pili na kuwatazama wakubwa. Mjomba, aliyekuwa amelileta mwenyewe, alinuna. Likawekwa “kind”, na mjukuu akaendelea na aya iliyofuata.