Dadu ya Mkono na Dadu ya Kompyuta

Mabishano juu ya dadu ipi ifaayo katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ya plastiki irushwayo kwa mkono au ile ya kompyuta itoayo namba kwa kubonyezwa, yamekuwa marefu, na kwa maoni yangu sehemu kubwa yake imekwenda kombo. Wabishi huulizana ni ipi iliyo ya haki zaidi, yaani ni ipi isiyopendelea namba yoyote. Swali hilo lina jibu, na nitalifikia. Lakini hata likishajibiwa, walioizunguka meza hubaki na kazi ile ile ya kukubali kwamba mhusika wao amekufa, na kazi hiyo hesabu haiwezi kuwafanyia.

Kwa msomaji asiyeijua michezo hii, nieleze kwa ufupi. Ulioizaa mingine yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, pamoja na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja, ambaye nitamwita msimulizi, huueleza ulimwengu wa hadithi na hatari zake. Wengine kila mmoja humbeba mhusika wake, awe mwizi, mchawi au askari, na kusema anafanya nini. Pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, dadu huamua. Fedha hazimo, wala hakuna mshindi. Lakini mtu humlea mhusika wake kwa miezi, pengine miaka; humpa jina, wazazi, madeni na visasi. Kisha usiku mmoja namba ndogo humwondoa duniani. Ndiyo maana utawakuta watu wazima, wenye kazi na watoto, wakifika ukingoni mwa ugomvi kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Kipande chenyewe kina nasaba. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, imo dadu ya jiwe kutoka Misri ya kale yenye pande 20, kila upande umechongwa herufi ya Kigiriki. Hata hivyo dadu za namna hiyo hazikuwa za kawaida madukani mwaka 1974, na waanzilishi wa mchezo walitumia seti zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya kufundishia hesabu shuleni: maumbo matano, ya pande 4, 6, 8, 12 na 20. Ile ya pande 20 iliandikwa 0 hadi 9 mara mbili, ikabidi wachezaji wapake nusu ya namba rangi nyingine ili kuzitofautisha. Plastiki yake ilikuwa laini, na baada ya muda pembe zililika hata dadu ikawa kama gololi. Mwaka 1979 dadu ziliadimika, na masanduku ya mchezo yakatoka na vipande vya kadibodi vyenye namba, vya kukata na kuchomoa kikombeni. Watu walicheza vivyo hivyo. Wale wadaio kwamba bila dadu ya mkono mchezo hauna roho wangepaswa kuvikumbuka vile vipande vya kadibodi.

Sasa ile haki. Dadu ya plastiki ya dukani si ya haki kamili. Mmarekani Lou Zocchi, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akitengeneza na kuuza dadu, alieleza kwa miaka mingi kwamba dadu nyingi, baada ya kutoka kwenye kalibu, huzungushwa katika pipa lenye vitu vya kusugua ili zing'ae, na msuguo huo huzila pembe bila usawa. Alikuwa akizipanga dadu za pande 20 moja juu ya nyingine ili watu waone kwa macho kwamba minara hailingani urefu. Yeye aliuza zenye kingo kali zisizosuguliwa, ingawa nazo zilibaki na kovu pale zilipokatwa kutoka kwenye kalibu, na mnunuzi alitakiwa alisawazishe mwenyewe. Wapo wachezaji wanaoielea dadu yao katika maji yenye chumvi nyingi kuona kama upande ule ule hujitokeza juu kila mara, dalili ya povu la hewa ndani. Majumba ya kamari, ambayo huko fedha imo, hutumia dadu za kung'aa kama kioo, zenye kingo kali, na vitone vyake hujazwa rangi yenye uzito sawa na plastiki iliyochimbwa. Sisi wa mezani hatununui dadu kwa uangalifu huo. Tunanunua kwa rangi.

Dadu ya kompyuta, ikitengenezwa na mtu anayeijua kazi yake, huishinda ile ya dukani. Nyingi hutumia kanuni ya hesabu ambayo huanza na namba moja, waiitayo mbegu, na kutoa mfuatano mrefu usio na mpangilio unaoweza kuonekana. Mojawapo ya kanuni mashuhuri, Mersenne Twister, ilibuniwa mwaka 1997 na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, na mfuatano wake ni mrefu mno kiasi kwamba hakuna kundi la wachezaji litakaloishi kuuona ukijirudia. Lakini nimesema mtu anayeijua kazi yake. Chukua mwandishi wa programu aliye mvivu, mwenye namba 256, yaani 0 hadi 255, naye anataka kuzigawa kwa pande 20. Ishirini huingia katika 256 mara 12 na kubakiza 16. Asipoyatupa yale masalio, namba 1 hadi 16 zitapata nafasi 13 kila moja, na namba 17 hadi 20 zitapata 12 tu. Angalia ni zipi zilizopunjwa: zile zile ambazo kila mchezaji anazililia. Tofauti ni ndogo na hakuna ambaye angeihisi mezani, lakini haionekani pia, na hilo tutalirudia.

Tena wachezaji wenyewe ni mahakimu wabovu wa nasibu. Mtu akirusha dadu ya pande 20 mara 30 katika usiku mmoja, uwezekano wa kutoiona 20 hata mara moja ni asilimia 21 hivi, karibu usiku mmoja katika kila mitano. Usiku huo kwa mwenye dadu ya plastiki, dadu ndiyo yenye nuksi. Huitia kikombeni kama mfungwa, akachukua nyingine. (Sitanii, kuna wanaozifunga dadu zao gerezani, na vigereza vidogo vya kuzifungia vinauzwa.) Mwenye dadu ya kompyuta hana cha kufunga. Husema programu inamchukia. Hesabu haikubadilika katika hali hizi mbili, ila yule wa kwanza ana kitu cha kukasirikia na hucheka, na yule wa pili hukasirikia kitu asichokijua na hanyamazi.

Jambo hili lilinidhihirikia mwaka 2020, maradhi yalipotuzuia kukutana na kundi letu la St. Paul likahamia kwenye kompyuta. Mmoja wetu, dada wa Mombasa, alikuwa na mhusika aliyemlea miaka minne, mganga mzee mwenye maneno mengi. Akaangushwa vitani. Kwa kanuni za toleo la mwaka 2014, aliyeanguka hurusha dadu ya pande 20 kila zamu yake: 10 au zaidi ni hatua kuelekea uzima, chini ya hapo ni hatua kuelekea kaburini, na anayetangulia kufikisha tatu ndiyo hukumu yake. Alikuwa na mbili na mbili. Akabonyeza, na papo hapo ikatokea 3, kwa wino mwekundu. Kimya. Kisha akasema kwa Kiswahili, ingawa wengi pale hawakukijua, "Kaka, nani karusha hii?"

Hakuna aliyedai kwamba namba ilikuwa ya uongo. Yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Lakini swali lake lilikuwa sahihi kuliko makala zote nilizosoma juu ya mada hii. Miaka miwili kabla yake, mezani, mhusika wa mwenzetu mwingine alikufa kwa namba 1, kifo kibaya zaidi, cha kipumbavu hasa, na jioni ile iliisha kwa vicheko na hadithi za marehemu. Kifo cha mganga kilituachia wiki tatu za ubaridi.

Mkono hufanya nini ambacho kitufe hakifanyi? Kwanza hutumia muda. Dadu hutikiswa, huachiwa, hubiringika, hugonga kikombe cha chai, huyumba, hutulia. Ni sekunde mbili au tatu, lakini ndani yake kila aliyepo huisoma 17 ikipita, kisha 4, na moyo huanza kujiandaa. Waandishi wa programu walilijua hilo, ndiyo maana wakachora dadu za kubiringika kwenye kioo, zenye hata sauti ya mbao. Ila katika programu nyingi namba imekwishaamuliwa kabla picha haijaanza kuzunguka. Ni kilio cha kukodi.

Pili, na hili ndilo kubwa, dadu ya mkono ina mashahidi na ina sheria. Aliyekulia pwani akicheza ludo barazani anajua kwamba ugomvi hauko katika namba, uko katika dadu iliyoegama. Imeegemea ukingo wa ubao: je, ihesabiwe au irushwe tena? Imeanguka chini ya kiti: nani ameiona kabla haijaokotwa? Kila baraza lilikuwa na jibu lake, na mgeni alielezwa kabla ya kuketi. Bao halina shida hiyo. Kete zake 64 na mashimo 32 yako wazi, na aliyefungwa ajilaumu mwenyewe. Mchezo wenye nasibu ndani yake huwataka watu wakubaliane mapema watamwamini nani, na dadu ya mkono, kwa kuegama na kuanguka kwake, huwalazimisha wakubaliane. Ile ya kompyuta haiegami. Kundi laweza kucheza nayo mwaka mzima bila kuulizana swali hilo, hadi siku ya msiba.

Simwoni mtetezi wa plastiki kuwa malaika, hata hivyo. Mkono pia huiba. Kuna anayeidondosha dadu kutoka urefu wa kidole ili isigeuke, na anayeiokota upesi kabla jirani hajasoma. Kuna aletaye dadu ya kuhesabia, ambayo namba zake zimepangwa kwa kufuatana, 20 karibu na 19 na 18, wakati dadu ya kurushia hutawanya namba na pande zinazoelekeana hujumlisha 21. Warumi nao waliuogopa mkono: huko Ujerumani, katika shamba la kale la Kirumi, ulichimbuliwa mwaka 1985 mnara mdogo wa shaba wa karne ya 4 ambao dadu zilitumbukizwa juu, zikagonga vizuizi vya ndani na kutokea chini.

Lakini wizi wa mchezaji ni mdogo ukilinganisha na desturi moja ambayo watetezi hawa hawaigusi. Msimulizi, tangu miaka ya 1970, huketi nyuma ya ukuta wa kadibodi, na dadu zake hurushwa huko nyuma pasipo mtu kuziona. Gygax mwenyewe, katika kitabu chake cha wasimulizi cha mwaka 1979, alimruhusu msimulizi kuipuuza dadu akiona yafaa. Nimewasikia wasimulizi wakipiga marufuku simu mezani kwa jina la ukweli, huku wao wakitangaza namba ambazo wamezitunga nyuma ya kadibodi kwa huruma au kwa ajili ya hadithi nzuri. Nyani haoni kundule. Naelewa kwamba baadhi ya mirusho ni lazima ifichwe. Mchezaji akiona umerusha dadu kuhusu mtego asioujua, amekwishaujua. Ila anayeficha dadu ya kifo hana la kumfundisha mwenye simu.

Kompyuta ina haki zake, na ni haki kubwa. Mchezaji ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, au ambaye haoni namba ndogo zilizochorwa kwa rangi ya dhahabu juu ya zambarau, anahudumiwa vizuri na simu isemayo namba kwa sauti, na kumwambia arushe plastiki kwa ajili ya mila ni ukatili. Uchawi wa moto unaohitaji dadu 8 za pande 6 huhesabiwa kwa kufumba na kufumbua, na hakuna kinachopotea; hakuna anayelia kwa ajili ya jumla ya 27. Tena waliotawanyika nchi mbalimbali wasingekuwa na mchezo kabisa. Tangu Roll20 ilipoanza mwaka 2012, dadu ya mtandaoni huandikwa mbele ya wote kwa wakati mmoja, na katika hilo ni shahidi bora kuliko msimulizi wa kadibodi.

Kwa hiyo kundi letu, liliporudi mezani, halikuchagua upande. Madhara na hesabu ndefu tunaziachia simu. Jambo la kufa na kupona hurushwa kwa mkono, katikati ya meza, na msimulizi pia. Iliyoegama hurushwa tena, iliyoanguka sakafuni haihesabiwi. Dada wa Mombasa amehamia Kanada na anacheza nasi kupitia kompyuta. Alikataa kubonyeza kwa ajili ya uhai wa mhusika wake mpya. Badala yake humtaja mmoja wetu amrushie, kamera ikielekezwa mezani. Mara ya kwanza alinitaja mimi, ikatoka 2, na mhusika akafa. Hakunilaumu hata kidogo. Ila tangu siku hiyo hutaja mtu mwingine.